Dawa za unene zenye viungo viwili: ipi inatuliza njaa, ipi inachoma mafuta?

Shangazi yangu alishuka boti ya Pemba na kikapu mkononi, na ndani ya kikapu mna chupa ya chai iliyojazwa barafu. Juu ya barafu, kwenye mfuko wa nailoni, zilikuwemo kalamu nne za sindano ya kupunguza uzito, dozi ya mwezi mmoja, alizoletewa na mwanawe anayeishi Maskati. "Nimezitunza vizuri, mwanangu," akaniambia. "Tangu zilipofika ziko frizani, pamoja na samaki wangu." Nilishika moja nikaielekeza dirishani. Dawa ilikuwa imeganda, na kwenye kioo chake cha kuchungulia mlikuwa na mistari myeupe ya barafu kama ile inayoshika mdomo wa friza.

Dawa ya aina hii ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka ikarudi kuwa maji safi. Mahali pake ni friji ya kawaida, nyuzi joto 2 hadi 8. Zote nne zilitupwa. Mimi ni mfamasia, nimezoea kutupa dawa zilizoharibika, lakini siku ile mkono ulikuwa mzito, maana kijana aliyezinunua kafanya kazi ya jasho kuzipata.

Shangazi alivua mtandio, akakaa, akatoa vitu vingine viwili kwenye mkoba. Kimoja ni kikaratasi chenye majina ya dawa za vidonge, alichoandikiwa na jamaa yetu wa Uingereza: Contrave, Qsymia. Cha pili ni kikopo cha kapsuli za kijani kisicho na jina la kiwanda, alichouziwa na mtu aliyemwambia zinachoma mafuta usiku akiwa amelala. "Sasa nipangie," akasema. "Ipi ni ipi?"

Nilimpangia mchana kutwa. Ninayoandika hapa ni yale yale, kwa kuwa maswali yake ndiyo ninayoulizwa kila wiki.

Kwanza tuelewane kuhusu hesabu ya mwili. Uzito una milango miwili: unachokula, na nishati unayotumia. Sehemu kubwa ya nishati hiyo, kiasi cha asilimia 60 hadi 70 kwa mtu asiyefanya kazi nzito, hutumika kwa kuishi tu: moyo kupiga, mapafu kuvuta, joto la mwili kubaki pale pale. Kusaga chakula huchukua kama asilimia 10. Inayobaki ndiyo ya kutembea, kufua, kutwanga, kupanda ngazi. Muuzaji wa kapsuli za kijani anaahidi kufungua mlango wa pili. Karibu dawa zote za kweli hushughulika na mlango wa kwanza.

Sababu ya hilo inapatikana katika hesabu moja ambayo natamani kila mwenye kitambi aijue. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani, akiwemo Kevin Hall wa Taasisi za Taifa za Afya, walikadiria kwamba kila kilo moja unayopoteza hupunguza matumizi ya nishati ya mwili kwa kilokalori 20 hadi 30 kwa siku. Wakati huo huo, kilo hiyo hiyo huongeza hamu ya kula kwa karibu kilokalori 100 kwa siku. Basi aliyepungua kilo kumi mwili wake unabana matumizi kwa kilokalori mia mbili na kitu, huku ukimdai chakula cha kilokalori elfu moja zaidi ya alichozoea. Anayesema "nilifunga mdomo miezi mitatu, kisha nikashindwa" hakushindwa kwa uvivu wala kwa kukosa imani. Alikuwa akivutana na deni linalokua kila anapopungua.

Kwa hiyo dawa inayozuia hamu inapigana na adui mkubwa, na inayochoma nishati inapigana na mdogo. Huu ndio msimamo wangu, na ndio ninaoutumia kupanga dawa zote zinazofuata.

Kiswahili chetu kinasaidia kuliko vitabu vingi. Sisi tuna njaa, tuna uchu, na tuna kukinai. Njaa ni tumbo linalodai. Uchu ni roho inayotaka kitu fulani hata kama tumbo limejaa: umetoka kula pilau, unapita Forodhani, harufu ya mishkaki inakugeuza shingo. Kukinai ni pale chakula kizuri kipo mbele yako na mkono wenyewe unakataa kukifuata. Dawa hizi hazigusi mambo hayo matatu kwa kiasi sawa, na kuzichagua vizuri kunaanza na kujua lipi kati ya hayo ndilo linalokushinda.

Contrave, ambayo Ulaya huitwa Mysimba, ni kidonge chenye dawa mbili za zamani: bupropioni, inayotumika kwa sonona na kwa kuacha sigara, na naltreksoni, inayotumika kwa waraibu wa pombe na afyuni. Ilikubaliwa Marekani mwaka 2014. Namna viungo hivi viwili vinavyosaidiana ni jambo la kupendeza. Ndani ya ubongo, sehemu iitwayo hipothalamasi, kuna seli ambazo zikiamka hutuma ujumbe wa kupunguza kula. Bupropioni huziamsha. Lakini seli hizo hizo hutoa kemikali ya mwili inayofanana na afyuni, ambayo huzirudi zenyewe na kuzizima. Naltreksoni huziba mahali inapotua kemikali hiyo, na seli zikabaki macho. Moja inakanyaga mafuta, nyingine inaachia breki. Dawa hizi hugusa pia njia za ubongo zinazohusika na raha ya kula, ndiyo maana mimi huiweka upande wa uchu.

Matokeo yake ni ya wastani. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2010, waliomeza mchanganyiko huu walipungua asilimia 6.1 ya uzito kwa wiki 56, na waliopewa kidonge bandia, kisicho na dawa ndani, asilimia 1.3. Mtu wa kilo 100 anatoka na kilo sita. Mlango wa pili, wa nishati, usiutegemee hapa.

Nilipofika hapo nilimuuliza shangazi presha yake iko wapi na magoti anayatulizia nini. Presha ilikuwa juu, na kwa magoti hunywa tramado, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni. Basi karatasi ya Contrave nikaikunja. Bupropioni inaweza kupandisha presha na kuleta degedege kwa wenye mwelekeo huo, na naltreksoni na tramado havikai mwili mmoja: naltreksoni inaifuta nguvu ya tramado, na kwa aliyeizoea inamtia katika mateso ya kuachishwa ghafla. Nasisitiza hili kwa kuwa tramado imeenea mitaani kwetu kuliko watu wanavyokiri, na mnunuzi wa dawa ya unene ni nadra kuitaja asipoulizwa.

Qsymia ni fentermini na topiramati, na Marekani iliikubali mwaka 2012. Ulaya ilikataa kuisajili kwa hofu ya moyo na akili. Fentermini ni ya jamii ya dawa za kusisimua: inaamsha mwili kama mtu aliyeshtuka, na aliyeshtuka haoni njaa. Topiramati ni dawa ya kifafa na kipandauso, na waliokuwa wakiitumia kwa maradhi hayo walionekana wakipungua. Ina kisa kimoja kidogo ninachokipenda: inabadili ladha ya vinywaji vyenye gesi, soda ikawa chapwa na mbaya mdomoni. Kwa mtu ambaye kalori zake zinaingilia kwenye chupa ya soda, hilo pekee ni msaada.

Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011, dozi kubwa ilipunguza kilo 10.2 kwa wiki 56, dhidi ya kilo 1.4 kwa kidonge bandia. Ni nguvu zaidi ya Contrave. Je, inachoma? Kwa kuwa fentermini inasisimua, moyo huenda mbio kidogo, na watu huchukulia mapigo hayo kuwa ndiyo mafuta yanayoungua. Kupungua kunatokana hasa na kula kidogo. Vidole kufa ganzi, mdomo kukauka, usingizi kuruka na kusahau maneno ni malalamiko ya kawaida. Na kuna jambo zito kwa wanawake: topiramati huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na mdomo wazi. Mwanamke anayeweza kushika mimba apimwe kabla ya kuanza na kila mwezi baada ya hapo, na awe na njia ya uzazi wa mpango anayoiamini. Dawa hii ikinunuliwa kimyakimya, bila daktari, nani atampima?

Sasa sindano, ambayo ndiyo iliyogandishwa na samaki. Tirzepataidi, inayouzwa kwa jina la Mounjaro na Marekani pia Zepbound, si dawa mbili zilizochanganywa kwa maana ya kawaida. Ni molekuli moja yenye meno ya funguo mbili: inafungua kufuli ya GLP-1 na kufuli ya GIP, homoni mbili za utumbo zinazotoka baada ya mlo. Ilikubaliwa kwa kisukari mwaka 2022, na kwa unene mwaka 2023. Inafanya kazi kwenye ubongo, na mwanzoni huchelewesha chakula kutoka tumboni. Wanaoitumia hueleza jambo lile lile kwa maneno mbalimbali: wanakula nusu sahani, kisha wanakinai. Mteja wangu mmoja alinisimulia kwamba alikwenda harusini, akawekewa biriani ya kuku, akala matonge manne, akabaki anaitazama sahani kama ya mtu mwingine. Aliyemwandalia akanuna, akidhani chakula hakikupikika vizuri.

Takwimu zake ziko daraja jingine kabisa. Katika jaribio la mwaka 2022, dozi ya juu ya miligramu 15 ilipunguza asilimia 20.9 kwa wiki 72, dhidi ya asilimia 3.1 za sindano bandia. Semaglutaidi, ambayo ina funguo moja tu ya GLP-1 na huuzwa kwa unene kwa jina la Wegovy, ilipata asilimia 14.9 kwa wiki 68 katika jaribio la mwaka 2021. Zilipopambanishwa uso kwa uso, matokeo ya 2025 yalikuwa asilimia 20.2 kwa tirzepataidi na 13.7 kwa semaglutaidi.

Hapa wengi hudhani kwamba funguo ya pili ndiyo inayochoma. Katika panya kulikuwa na dalili hizo. Utafiti wa watu uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha vingine: tirzepataidi haikuuzuia mwili kubana matumizi yake kadiri uzito unavyoshuka. Kilichobadilika ni kwamba mwili uliunguza mafuta zaidi kuliko sukari. Moto wa jiko haukuongezeka. Kuni ndizo zilizotolewa ghala jingine. Kilichoshusha uzito ni chakula kilichobaki kwenye sahani.

Kuna bei ya kulipa. Kichefuchefu, kutapika, kuharisha au choo kigumu huwapata wengi, hasa dozi inapopandishwa, ndiyo maana huanza na miligramu 2.5 na kupanda polepole, hatua moja kwa wiki nne au zaidi. Mawe ya nyongo na kuvimba kwa kongosho hutokea kwa wachache. Mwenye historia ya saratani ya tezi ya shingo aina ya medula katika ukoo asiiguse. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango aongeze kinga nyingine kwa wiki nne za mwanzo na wiki nne baada ya kila dozi kupandishwa, kwa sababu vidonge hivyo hupungua nguvu.

Na misuli. Katika jaribio la 2022, kama robo ya uzito uliopotea haikuwa mafuta. Msuli ni sehemu ya jiko lako, ukiupoteza unapunguza mlango wa pili kwa mikono yako mwenyewe. Kwa hiyo mtu anayekula nusu sahani aanze na samaki, choroko, mayai au maziwa, wali ufuate, na siyo kinyume chake kama tulivyozoea. Na anyanyue vitu vizito. Ndoo ya maji ni kitu kizito.

Ukiacha je? Katika jaribio la 2023, watu walioitumia wiki 36 kisha wakabadilishiwa sindano bandia walirudisha asilimia 14 ya uzito ndani ya mwaka, huku walioendelea wakizidi kupungua. Deni lile la hamu halikufutwa, lilikuwa limezuiwa mlangoni. Ukiwa na uwezo wa kununua miezi mitatu tu, fikiri tena kabla hujaanza. Zepbound ilipoingia sokoni Marekani bei yake ya orodha ilipita dola 1,000 kwa mwezi. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza semaglutaidi na tirzepataidi katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari pamoja na maradhi ya moyo au figo, na unene. Nina matumaini na hatua hiyo, ila friji ya shangazi haijui orodha.

Shangazi akanikatiza: "Hizo zote zinanifunga mdomo tu. Hakuna ya kuchoma?"

Ipo inayokuja. Homoni iitwayo glukagoni huongeza matumizi ya nishati na kuliamsha ini liunguze mafuta yake. Ikipewa peke yake hupandisha sukari, kwa hiyo watafiti wameiunga na GLP-1, inayoshusha sukari na kufunga hamu. Mazdutaidi, yenye funguo hizo mbili, ilikubaliwa China mwaka 2025. Retatrutaidi ina funguo tatu, hizo mbili na ya GIP, na katika jaribio la awali la mwaka 2023 dozi ya juu ilifikisha asilimia 24.2 kwa wiki 48. Mapigo ya moyo pia yalipanda. Hata kwa hizi, waliozitumia walikula kidogo sana. Upande wa kukinai kuna CagriSema, inayounganisha semaglutaidi na kagrilintaidi, mfano wa homoni ya kongosho iitwayo amilini. Matokeo ya 2025 yalikuwa asilimia 20.4 kwa wiki 68. Yeyote anayekuuzia retatrutaidi mtandaoni leo anakuuzia kitu kilichoruka ukaguzi.

Kuchoma kwa nguvu kulishajaribiwa zamani. Miaka ya 1930 Wamarekani walimeza kemikali ya DNP, iliyowasha mwili kweli kweli, na baadhi wakafa kwa joto lao wenyewe. Denmaki ilikuwa na kidonge cha efedrini na kafeini, Letigen, kilichoongeza kidogo matumizi ya nishati. Kilisimamishwa mwaka 2002. Mchanganyiko wa fenfluramini na fentermini ulikuwa wa hamu, si wa kuchoma, lakini nao ulivunjika mwaka 1997 fenfluramini ilipoondolewa kwa kuharibu vali za moyo.

Kikopo cha kijani nilikiacha mwisho kwa makusudi. Nilimuuliza alipokimeza alihisi nini. Moyo kudunda, akasema, mdomo mkavu, usingizi hakuna, na chakula hakitaki. Sikuwa na maabara ya kukipima, ila dalili hizo zinafanana na sibutramini, dawa ya hamu iliyoondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuongeza mshtuko wa moyo na kiharusi, na ambayo wakaguzi wa Marekani wameikuta mara nyingi ndani ya bidhaa za kupunguza uzito zinazojiita za mitishamba. Mwenye presha akimeza hiyo anacheza na kiharusi. Nilimwomba aniachie kikopo. Dawa isiyo na jina la kiwanda, namba ya toleo na usajili wa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar usiipeleke kinywani, hata kama aliyekuuzia ni jirani yako wa miaka mingi.

Kwa ufupi wa kaunta ninavyowaambia watu: anayeshindwa na uchu, presha yake imetulia, na hatumii tramado, azungumze na daktari kuhusu Contrave akijua kilo ni chache. Kijana mwenye moyo mzima ambaye hana mpango wa mimba anaweza kuulizia Qsymia, ingawa mimi binafsi si mpenzi wake. Mwenye kisukari, magoti mabovu na uzito mkubwa, ambaye ana friji ya uhakika na fedha za mwaka mzima, tirzepataidi inazishinda zote mbili kwa mbali.

Shangazi ni huyo wa mwisho, ila alikuwa na glibenklamaidi kwenye mkoba. Kidonge hicho cha sukari pamoja na sindano, na hamu imeondoka, mtu anaweza kuanguka barazani kwa kushuka sukari. Tulikwenda pamoja kwa daktari, naye akapunguza glibenklamaidi kabla ya sindano ya kwanza. Ramadhani ilikuwa miezi miwili mbele, kwa hiyo tulikubaliana dozi isipandishwe karibu na mfungo, sindano ichomwe usiku baada ya tarawehe, na kati ya futari na daku anywe maji mengi hata kama hana kiu, kwa sababu dawa inayomtoa mtu hamu ya kula humsahaulisha na kunywa.

Mwanawe alituma kalamu nyingine nne. Safari hii tulizipokea uwanja wa ndege, zikapanda boti kwenye kibegi cha baridi, barafu imefungwa taulo mbili isiziguse. Kalamu hizi za dozi moja moja zinaweza kukaa nje ya friji hadi siku 21 joto lisipozidi nyuzi 30, lakini kwa joto la msimu wa Kaskazi huko Mkoani, Pemba, sikutaka kujaribu. Nilimpigia simu kesho yake kuuliza ameziweka wapi.

"Rafu ya kati ya friji," akasema. "Samaki nimemhamishia kwa jirani."